Kiwanda kilifungwa 1977, kura ikahama 2020: hiyo miaka 43 ilienda wapi?

Kuna hadithi moja ya siasa za Marekani ambayo siku hizi kila mtu anaisimulia, hata ukirudi Dar likizo utaikuta kijiweni, kwamba viwanda vilikufa, kazi zikaenda China na Mexico, wazungu wa kipato cha chini wakakasirika wakampigia Trump, basi, imeisha hiyo. Mi sisemi ni uongo. Ila nimekaa Ohio, Columbus, nimepiga shifti za usiku kwenye ghala la mizigo na watu ambao hadithi hiyo inawahusu wao wenyewe, na nawaambia ukikaa nao karibu inaanza kuvuja, na inapovujia ni kwenye tarehe.

Chukua Youngstown. Ni mji wa kaskazini-mashariki mwa Ohio, kwenye bonde la mto Mahoning, kati ya Cleveland na Pittsburgh, na mwaka 1930 ulikuwa na watu 170,000 ambao karibu wote walikula kwa chuma, kama sio baba yuko tanuruni basi mjomba anauza viatu kwa walioko tanuruni. Jumatatu ya tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ikatangaza inafunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha Campbell Works, watu kama 5,000 kazi kwisha, na mpaka leo wenyeji wanaiita siku hiyo Jumatatu Nyeusi. Ndani ya miaka mitatu minne vingine navyo vikafuata, Brier Hill, vile vya U.S. Steel, ikawa msiba juu ya msiba. Sensa ya 2020 ilikuta mji una watu 60,000 hivi.

Sasa angalia kura za kaunti ya Mahoning, ndo kaunti yenye Youngstown. 1976 walimpa Carter, Mdemokrati, 1980 wakampa Carter tena. 1984, mwaka ambao Reagan alizoa majimbo 49 kati ya 50, wao wakampa mpinzani wake Mdemokrati, Mondale! Wakaja Wademokrati wengine, Clinton, Gore, Kerry, Obama mara mbili, na 2012 Obama alipata zaidi ya asilimia 60 pale. 2016 Hillary Clinton akapenya kwa tundu la sindano. Mrepublikani wa kwanza kuichukua Mahoning tangu Nixon 1972 ni Trump, na ni 2020. Piga hesabu mwenyewe, toka kiwanda kufungwa mpaka kaunti kuhama ni miaka 43, mtoto aliyezaliwa wiki ile ya Jumatatu Nyeusi alikuwa ameshaanza kuota mvi.

Kwa hiyo kama njaa ndo inahamisha kura, njaa hii ilikuwa inasubiri nini muda wote huo?

Kwanza tuone serikali ilifanya nini, maana watu wanapenda kuruka hapo. Baada ya Jumatatu Nyeusi maaskofu na wachungaji wa madhehebu tofauti walikaa pamoja wakaja na wazo ambalo kwa Marekani ni la ajabu kidogo, kwamba wananchi na wafanyakazi wakinunue kiwanda wakiendeshe wenyewe. Watu wakafungua akaunti benki kuchangia, kanisa kwa kanisa. Lakini bila serikali kuu kudhamini mkopo haiwezekani, na walikuwa wanahitaji dhamana ya dola milioni 245 hivi. Machi 1979 serikali ya Carter ikasema hapana. Halafu mwaka huohuo haujaisha vizuri Kongresi ikapitisha dhamana ya dola bilioni 1.5 kwa Chrysler, Carter akasaini Januari 1980. Utetezi upo, na nautaja kwa haki: kiwanda kilikuwa cha kizamani, mitambo imechoka, kampuni mama, Lykes ya New Orleans, ilikinunua 1969 na wengi wanasema iliikamua tu bila kuwekeza, Wajapani wanatengeneza chuma kwa bei nafuu, kwa hiyo mchumi wa serikali akiangalia makaratasi anaona shimo la kumwaga hela. Sawa. Ila we ungekuwa mfanyakazi wa pale ungeyaelewa hayo makaratasi? Na bado Novemba ile wakampigia Carter.

Mabadiliko ya uchumi yalizaa sheria pia, hilo lisikataliwe. 1988 ikapita sheria ya kumlazimisha mwajiri mwenye wafanyakazi 100 na zaidi kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kiwanda au kufukuza watu kwa wingi. Seneta Howard Metzenbaum wa Ohio ndo aliyeipigania, Reagan hakutaka kuisaini, akaiacha ikawa sheria hivyohivyo bila sahihi yake. Miaka 11 toka Jumatatu Nyeusi, makumi ya maelfu ya kazi bonde zima, ukijumlisha yote wamepata siku sitini. Ndo mwendo wa Kongresi ule.

Na hapa nikae kidogo na jamaa mmoja anaitwa James Traficant, maana bila yeye huielewi Youngstown. 1980 alichaguliwa sherifu wa kaunti. Benki zikaanza kuleta amri za kuwatoa watu kwenye nyumba, watu waliopoteza kazi viwandani na hawawezi kulipa mkopo, na kazi ya sherifu ni kwenda kuwatoa. Yeye akagoma. Hakimu akamweka ndani siku chache kwa kudharau mahakama, 1983, na ukishalala ndani kwa ajili ya nyumba za watu, bwana, mji ni wako. Mwaka huohuo akasimama kizimbani kwa kesi ya kula hela za mafia, akajitetea mwenyewe na wala sio wakili, akaachiwa. 1984 akaenda Bungeni kama Mdemokrati, akakaa miaka 17, kila siku anapiga kelele dhidi ya mikataba ya biashara, dhidi ya China, dhidi ya mamlaka ya kodi, dhidi ya wahamiaji, nywele zake kama kaokota kiota. 2001 akampigia Mrepublikani kura ya Uspika, chama chake kikamtenga. 2002 akatiwa hatiani kwa rushwa na mengine, Bunge likamfukuza kwa kura 420 kwa 1. Akiwa gerezani akagombea tena na maelfu wakampa kura!

Mkimwangalia vizuri huyo mtaona kitu. Hasira ilikuwepo mapema sana, lugha yake ilikuwepo, hata aina ya mtu ilikuwepo. Kilichokosekana ni hiyo hasira kuvuka kwenda chama kingine kwenye kura ya urais. Traficant alikuwa anatukana kila mtu lakini kwenye karatasi bado ni Mdemokrati, na wapiga kura wake hivyohivyo.

Sasa tuje kwa wanaobishana. Upande wa kwanza ni wa uchumi, na una ushahidi mzito. China iliingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Mwaka 2000 Marekani ilikuwa na kazi za viwandani kama milioni 17, kufikia mwanzoni mwa 2010 zimebaki milioni 11 na nusu hivi. Sio zote za China, mashine zimekula nyingi na mdororo wa 2008 umekula zake, lakini wachumi kina David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walifuatilia eneo kwa eneo wakaona pale ambapo bidhaa za China zilibana zaidi ndo pale ambapo siasa zilihamia kulia zaidi, wabunge wa katikati wakapotea, hasa maeneo yenye wazungu wengi. Huwezi kuwatupa hao. Ukipita Youngstown kwa gari unaona, mitaa mizima nyumba zimebomolewa imebaki nyasi na ngazi za zege zinazopanda kwenda hewani, ngazi tatu nne halafu hakuna nyumba.

Upande wa pili unasema hapana, hii ni rangi na hadhi. Diana Mutz wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichapisha 2018 utafiti wa watu walewale waliohojiwa 2012 na 2016, akasema waliohamia kwa Trump hawakuwa wale ambao mifuko yao imetoboka, ila wale walioona nafasi yao duniani inashuka, wazungu wanapungua, China inapanda. Mwanasosholojia Stephen Morgan akachukua data hizohizo akasema huwezi kutenganisha mambo hayo kirahisi namna hiyo, na ubishi haujaisha. Lakini pointi ya upande wa pili ambayo mi naona haina majibu mepesi haitaki hata takwimu: weusi wa Youngstown walipoteza kazi zilezile. Tena wao ni uchungu zaidi, kwa sababu mpaka 1974 walikuwa wamefungiwa kwenye kazi za joto na vumbi, kazi nzuri zina foleni yake ya wazungu, ndo mwaka ule serikali ikazibana kampuni tisa kubwa za chuma, Youngstown Sheet and Tube ikiwemo, pamoja na chama cha wafanyakazi wenyewe, wakakubali mbele ya mahakama kufungua milango. 1974 mlango unafunguliwa, 1977 nyumba inabomolewa. Kama kufungiwa kiwanda peke yake kunampeleka mtu kwa Trump, hao ndo wangekuwa wa kwanza foleni, na hawakwenda.

Kwa hiyo nani mkweli? Mi naona wote wawili wanajibu swali la kwa nini watu walikasirika na wanaruka swali la tarehe. Rangi haikuanza 2016 jamani. Uchumi haukuanza 2016. Kilichobadilika katikati ni yule aliyekuwa anakaa kati ya mtu na karatasi ya kura.

Ghalani nilifanya kazi na mzee mmoja mzungu, katoka bonde hilohilo, baba yake alikuwa Campbell Works. Kwenye funguo zake ana kipande cha shaba cha duara kina namba, ni cha baba yake, enzi hizo ukiingia kiwandani unatoa kipande chako kwenye ubao ukitoka unakirudisha, kikibaki ubaoni wanajua haukuja. Saa tisa usiku tukiwa mapumzikoni anapasha chakula chake, ndo ananihadithia. Na anachokihadithia sana ni ukumbi wa chama cha wafanyakazi kuliko kiwanda. Ijumaa za Kwaresima samaki wa kukaanga, harusi ya dada yake ilifanyikia humo, baba akiumwa waliokuja nyumbani na kikapu ni watu wa humo, na ukifika uchaguzi kuna karatasi inabandikwa yenye majina, huyu wetu, huyu sio wetu. Baba yake hakuwa anasoma sera. Alikuwa anasoma hiyo karatasi. Nikamuuliza baba yako aliwapenda watu weusi? Akacheka kidogo akasema hapana, hata. Lakini karatasi ikisema mpigie Humphrey, yule mgombea wa Wademokrati wa 1968, anampigia Humphrey.

Na hii sio stori ya mzee mmoja tu. 1968 George Wallace, gavana wa zamani wa Alabama, yule wa ubaguzi milele, aligombea urais kwa chama cha pembeni na kura za maoni za Septemba zilimweka juu ya asilimia 20, wakiwemo wafanyakazi wengi wa viwandani wa kaskazini, wanachama halali wa vyama vya wafanyakazi. AFL-CIO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na chama cha wafanyakazi wa magari wakashtuka, wakamwaga vipeperushi viwandani mamilioni, wakieleza mishahara ilivyo midogo Alabama, mtu akamfuata mwenzake kwenye mashine akaongea naye. Siku ya kura Wallace akaishia asilimia 13 na kitu nchi nzima. Ubaguzi ulikuwepo, hasira zipo, mgombea yupo, ila kulikuwa na mkono wa kumshika mtu shati. 2016 huo mkono haupo tena. Miaka ya 50 karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa kwenye chama cha wafanyakazi, 2024 ni asilimia 9.9, na sekta binafsi peke yake haifiki hata 6.

Ndo maana miaka 43. Kiwanda kinakufa siku moja lakini ukumbi unakufa polepole, wastaafu bado wanakuja, bado wana pensheni, bado wanawaambia wajukuu sisi ni watu wa chama fulani, mpaka wanazikwa mmojammoja na ukumbi unauzwa. Hata gazeti, Youngstown ilikuwa na gazeti lake la Vindicator, limeishi miaka 150, limefungwa mwisho wa Agosti 2019. Miezi michache kabla, Machi, kiwanda cha GM cha Lordstown hapo jirani kimetoa gari lake la mwisho. Yaani mwaka mmoja umepoteza kazi na umepoteza aliyekuwa anakuambia kwa nini umepoteza kazi. Nafasi hiyo haibaki wazi, anakuja kukaa mwingine, televisheni inayopiga kelele mchana kutwa, simu, na mgombea anayejua kuongea na kamera.

Najua hoja yangu ina mashimo, niyataje mwenyewe kabla hamjaniwahi. Vyama vya wafanyakazi havikuwa malaika, hiyo kesi ya 1974 vilikuwa upande wa washtakiwa, vingine viliwafungia weusi na wanawake nje kwa miaka. Pia majimbo ya kusini yalihama bila ukumbi wowote kufa, kule baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 wazungu walianza kutoka kwa Wademokrati kwa sababu inayojulikana, na huwezi kuniambia ni kukosa samaki wa Ijumaa. Tena kuna hili: pengine ukumbi ulikufa kwa sababu watu walishaanza kujiondoa, wamehamia vitongojini, kila mtu na gari lake na luninga yake. Hilo sina jibu nalo la kutosha, nadhani yote mawili yalisukumana.

Halafu angalia Lordstown yenyewe, maana inamsumbua kila mtu mwenye nadharia. Julai 2017 Trump alikuja Youngstown akawaambia kazi zinarudi, msiuze nyumba zenu. Novemba 2018 GM ikatangaza inafunga, 2019 ikafunga kweli. Kwa akili ya kawaida ya uchumi 2020 ilibidi aadhibiwe, badala yake ndo akaichukua Mahoning! Akaja Biden, mabilioni ya fedha za serikali kwenye magari ya umeme na betri, GM na LG wakajenga kiwanda cha betri palepale Lordstown, Ultium Cells, kikaanza 2022, na Desemba mwaka huo wafanyakazi wakapiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, 710 kwa 16, ushindi wa aibu kwa upande wa pili. Kazi zimerudi, chama kimerudi, nani kaleta inajulikana. 2024 kaunti zote mbili, Trumbull yenye Lordstown na Mahoning, zikampa Trump.

Wa upande wa rangi na hadhi wakiona hapo wanasema si tuliwaambia. Ngoja kwanza. GM ya zamani pale kileleni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 10,000, hii ya betri haifikii hata robo, na mwanzoni mtu anaanza kwa dola 16.50 kwa saa, wakati mi ghalani Columbus bila kugusa kemikali yoyote nilikuwa nakaribia hapohapo. Mkataba mzuri umekuja baadaye. Na chama cha miaka miwili sio ukumbi alimoolewa dada yako. Mti uliochukua miaka 40 kunyauka unataka uzae matunda kwa msimu mmoja?

Upande wa wahamiaji mambo yanachanganya zaidi, na hapa sisi wenyewe tumo ndani. Springfield, saa moja hivi kutoka Columbus, ilikuwa na watu zaidi ya 80,000 enzi za viwanda, ikashuka mpaka kama 58,000. Miaka ya karibuni wakaja Wahaiti, makadirio ni elfu 12 mpaka 15 hivi au zaidi, wengi kisheria kabisa, kwa sababu kulikuwa na kazi na hakuna wa kuzifanya. Kiuchumi ni dawa, mji uliokuwa unakufa umepata damu. Lakini damu hiyo imekuja ndani ya muda mfupi, kodi za nyumba zikapanda, kliniki foleni, shule hazina wakalimani, leseni za udereva tabu, na jiji halina hela ya kuyabeba hayo haraka, malalamiko ambayo mengine ni ya kweli kabisa na mi ningelalamika pia. Tarehe 10 Septemba 2024 kwenye mdahalo wa urais Trump akasema wanakula mbwa na paka za watu. Ikafuata vitisho vya mabomu zaidi ya 30, shule zikafungwa, gavana Mike DeWine, Mrepublikani na mzaliwa wa palepale, akatuma polisi wa jimbo kulinda shule na akasema wazi kwamba stori hiyo ni uzushi na Wahaiti wale wanafanya kazi. Kaunti ya Clark, yenye Springfield, ikampa Trump zaidi ya asilimia 60. Kikundi chetu cha Waswahili Columbus, kuna Wakongo, Wasomali Wabantu, Wakenya, sisi wa Bongo, wiki ile simu hazikunyamaza, mama mmoja akauliza kwani sisi tuna tofauti gani na Wahaiti machoni pa mtu, na hakuna aliyemjibu.

Pale pia naona jambo lilelile. Wageni waliwahi kuja Youngstown kwa maelfu, Waitalia, Waslovaki, Wapolandi, Wapuerto Rico, weusi kutoka kusini, na hawakupendwa hata kidogo, miaka ya 20 kundi la wabaguzi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu pale mpaka likaweka meya. Kilichowakalisha pamoja, tena kwa manung'uniko, ni kiwanda kimoja na baadaye chama kimoja. Mhaiti wa Springfield anafanya kazi kupitia wakala, shifti imepangwa na kompyuta, jirani yake mzungu anafanya kazi sehemu nyingine kupitia wakala mwingine. Watakutana wapi, kwenye foleni ya kliniki?

Wale wanaosema jamii ikibadilika serikali inabadilika wanasahau kuna mtambo wa zamani katikati. Seneti inatoa wawili kila jimbo, Wyoming yenye watu wasiofika laki sita ni sawa na California ya milioni 39, na urais unapita kwenye kura za majimbo, ndo maana 2000 na 2016 aliyepata kura chache ndo akaingia Ikulu. Kwa hiyo badiliko dogo likitokea Ohio, Michigan, Pennsylvania linasikika kuliko badiliko kubwa likitokea California. Mzee wangu mwenye kipande cha shaba kwa muda mrefu alikuwa ni miongoni mwa wapiga kura wanaobembelezwa kuliko wote duniani. Siku hizi Ohio imeegemea kulia mpaka wagombea urais hawaji tena kwa wingi.

Na huko juu vyama vyenyewe vimeshageuka. 1993 mkataba wa NAFTA, wa biashara kati ya Marekani, Kanada na Mexico, ulipita Bunge la Wawakilishi kwa kura 234 kwa 200, na Warepublikani waliounga mkono walikuwa wengi kuliko Wademokrati. Leo chama hichohicho kinashangilia ushuru, na Biden alipoingia ushuru wa Trump kwa China hakuutoa. Hapo na sisi tunaguswa, maana AGOA ya mwaka 2000, ule mpango wa kuingiza bidhaa nyingi za Afrika, nguo zikiwemo, Marekani bila ushuru, ni mtoto wa zama zile za kufungua milango, na Septemba 2025 muda wake uliisha Kongresi haijauongeza kwa wakati, fundi cherehani wa Athi River, Kenya, akabaki anasubiri habari kutoka kwa watu ambao kura zao zinatafutwa kwenye bonde la Mahoning.

Kuna namba moja ya 2024 naiangalia kuliko zote. Trump alishinda Ohio kwa pointi 11 hivi. Seneta Sherrod Brown, Mdemokrati wa siku nyingi, mpinzani wa NAFTA toka mwanzo, yule anayevaa pini ya ndege wa kanari kwa kumbukumbu ya wachimba makaa, alishindwa pia na Bernie Moreno, lakini kwa chini ya pointi 4. Maana yake kuna watu wengi tu walioweka alama kwa Trump juu na kwa Brown chini, karatasi moja, kalamu moja. Mzee wangu ni mmoja wao. Agosti 2025 Brown alitangaza kurudi kwenye uchaguzi maalum wa Novemba 2026, kiti alichokiacha JD Vance alipokwenda kuwa Makamu wa Rais, ambaye naye ni mtoto wa mji wa chuma, Middletown. Nilimuuliza mzee inakuwaje unawapa wote wawili, sera zao haziendani hata kidogo. Akatafuna kwanza, akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto, akasema yule Brown jina lake lilikuwa kwenye karatasi.